Kwa nini grafu ya kwanta iliyochaguliwa kwa bahati nasibu haina ulinganifu?

Swali la msomaji: "Mwalimu, nimesoma nadharia ya grafu kidogo, na nalijua tokeo la wanahisabati Erdős na Rényi kwamba karibu grafu zote hazina ulinganifu. Juzi nimekutana na tamko kwamba hata grafu za kwanta za bahati nasibu hazina ulinganifu, mradi d iwe kati ya 2 na n² − 3. Je, ni tokeo lile lile limevalishwa nguo mpya? Na hilo sharti la d limetoka wapi? Na 'kwanta' hapa ni ile ya makundi ya kwanta, au ni kitu kingine? Matriksi nazifahamu, zaidi ya hapo sina."

Ndugu yangu, matriksi zinatosha. Kwa swali lako la kwanza jibu langu ni hapana: matamko mawili yanafanana kwa maneno, lakini yanasimama juu ya misingi tofauti kabisa. La kwanza ni hesabu ya kuhesabu vitu vyenye kikomo. La pili ni la jiometri, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi, maana halihitaji n iwe kubwa. (Huko n ni ukubwa wa matriksi, na d ni idadi ya matriksi zinazochaguliwa; tutazifikia.) Nianze na lile unalolijua ili tofauti ionekane.

Chukua nukta n, na kwa kila jozi ya nukta rusha sarafu: ikiangukia upande mmoja chora kiungo, ikiangukia mwingine usichore. Ulinganifu wa grafu ni namna ya kuzibadilishia nukta nafasi zake bila kuharibu kiungo hata kimoja. Tuutazame ulinganifu mwepesi kuliko wote, ule wa kubadilishana nukta mbili tu, i na j, huku nyingine zote zimekaa palepale. Utafaulu lini? Pale tu ambapo i na j wana majirani wale wale miongoni mwa zile n − 2 zilizobaki. Kila nukta kati ya hizo ina uwezekano wa nusu kukubaliana nao, kwa hiyo uwezekano wote ni nusu iliyozidishwa kwa nafsi yake mara n − 2. Jozi za kujaribu ni n(n − 1)/2. Kwa n = 10 wastani wa jozi zinazofaulu ni 45/256, yaani kama 0.18. Kwa n = 20 ni 190/262144, chini ya 0.001. Mageuzo yanayohamisha nukta nyingi zaidi yapo mengi mno, lakini kila moja linadai viungo vingi zaidi vikubaliane, na madai hayo yanaishinda idadi yao. Erdős na Rényi walilithibitisha jambo hili mwaka 1963: n ikikua bila kikomo, uwezekano wa kupata grafu isiyo na ulinganifu wowote unaikaribia 1.

Tafadhali liangalie neno "unaikaribia". Kwa n yoyote uliyoishika mkononi, uwezekano huo haufiki 1. Na n ikiwa ndogo, ulinganifu ndio unaotawala. Ukiacha ile ya nukta moja, hakuna grafu isiyo na ulinganifu mpaka ufike nukta 6. Unaweza kujichorea moja sasa hivi: chora pembetatu, pembe ya pili iongezee mkia wa kiungo kimoja, pembe ya tatu mkia wa viungo viwili, pembe ya kwanza iache bila mkia. Jaribu kuigeuza utakavyo, haikubali. Grafu za nukta 6 ziko 156 kimaumbo, na zisizo na ulinganifu ni 8 tu. Kwa nukta 7 ni 152 kati ya 1044. Kwa nukta 8 ni 3696 kati ya 12346. Kwa nukta 9 zinakaribia nusu, yaani 135004 kati ya 274668, na kwa nukta 10 zimeshapita nusu. Inakwenda polepole namna hiyo.

(Katika makala hiyohiyo ya 1963 mna jambo ambalo hunigusa kila ninapolirudia. Nukta zikiwa nyingi bila mwisho, sarafu zilezile huleta kinyume kabisa: kwa uwezekano wa 1 unapata grafu yenye ulinganifu mwingi mno, na daima ni grafu ileile moja kimaumbo. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba bahati nasibu ni adui wa ulinganifu kwa asili yake.)

Sasa tuvuke kwenda upande wa kwanta. Grafu ya kawaida yenye nukta n unaweza kuiandika kama mkusanyiko wa matriksi za n kwa n. Chukua matriksi E_ij, yenye 1 kwenye mstari wa i na safu ya j, na sifuri kwingine kote. Kusanya E_ij zote ambazo i na j wameunganishwa, ongeza na E_ii zote, kisha ruhusu kuzijumlisha na kuzizidisha kwa namba changamano. Unapata nafasi ya vekta S ndani ya matriksi zote za n kwa n. Nafasi hiyo ina sifa mbili: ina matriksi kizio, na ukiigeuza matriksi yake yoyote mistari iwe safu na kuchukua namba shirika, unabaki ndani ya S. Nafasi yenye sifa hizo mbili huitwa mfumo wa opereta.

Grafu ya kwanta inazaliwa pale unaposema: nibakize sifa hizo mbili, niachane na sharti kwamba S ijengwe kwa E_ij. Hapo S ni mfumo wowote wa opereta ndani ya matriksi za n kwa n. Hakuna nukta tena. Kuna n tu, yaani ukubwa wa matriksi, na kuna idadi ya vipimo vya S, ambayo inashika nafasi ya idadi ya viungo. Nik Weaver aliliweka jambo hili katika umbo pana zaidi, ambalo ndani yake grafu za kawaida na hizi za matriksi zote ni sehemu ya familia moja. Mimi hapa nitabaki na zile za matriksi zote, kwa sababu ndizo zinazohusika na tamko ulilokutana nalo.

Usidhani kwamba ufafanuzi huu umebuniwa kwa ajili ya kujifurahisha. Mwaka 1956 Claude Shannon aliuliza ni ujumbe mwingi kiasi gani unaoweza kupitishwa kwenye njia yenye kelele bila kosa hata moja. Jibu lake linategemea grafu: herufi ni nukta, na herufi mbili zinazoweza kuchanganywa na mpokeaji zinaungwa kwa kiungo. Njia ya mawasiliano ikiwa ya kwanta, kelele zake huelezwa na matriksi K_1, K_2 na kuendelea, na kinachoshika nafasi ya grafu ya Shannon ni nafasi inayojengwa na mazao yote ya namna hii: K_i iliyogeuzwa na kuchukuliwa namba shirika, ikazidishwa na K_j. Duan, Severini na Winter walionyesha kwamba nafasi hiyo ndiyo inayoamua ujumbe upi unaweza kupita bila kosa. Na ukiikagua utaona ni mfumo wa opereta.

Ulinganifu wa grafu ya kwanta ni nini basi? Badala ya kuhamisha nukta, unazungusha nafasi nzima kwa matriksi yunitari U: kila A iliyomo ndani ya S inageuka kuwa U A U*, ambapo U* ni U iliyogeuzwa mistari iwe safu na kuchukuliwa namba shirika, na kwa matriksi yunitari hiyo ndiyo kinyume cha U. Ikiwa S inarudi kuwa S ileile, U ni ulinganifu. U ambayo ni namba tupu iliyozidishwa na matriksi kizio haibadilishi chochote, kwa hiyo hiyo hatuihesabu. Tukisema S haina ulinganifu tunamaanisha kwamba hakuna U nyingine zaidi ya hizo zisizofanya kitu.

Kwa bahati nasibu tunafanya hivi. Tunachagua matriksi d za Hermite (yaani zinazobaki zilezile ukigeuza mistari iwe safu na kuchukua namba shirika), X_1 mpaka X_d, kila namba ndani yake ikitolewa kwa usambazaji wa Gauss, kwa utaratibu ule ambao Wigner aliuingiza kwenye fizikia ya viini vya atomu miaka ya 1950. Tunaondoa tresi ili kila X iwe na jumla ya sifuri kwenye ulalo wake. S ni nafasi inayojengwa na matriksi kizio pamoja na hizo X. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Alexandru Chirvasitu na Mateusz Wasilewski walithibitisha tamko ulilolisoma: d ikiwa kati ya 2 na n² − 3, S haina ulinganifu, na hilo ni kwa uwezekano wa 1 kamili.

Uwezekano wenyewe ni 1, kwa n = 3, kwa n = 4, kwa kila n inayoruhusu d ya namna hiyo. Hapa ndipo misingi inapotengana. Grafu za kawaida za nukta n zina idadi yenye kikomo, kwa hiyo kila moja, hata yenye ulinganifu, ina sehemu yake ya uwezekano, ndogo lakini si sifuri. Mifumo ya opereta inajaza anga inayoendelea bila kukatika. Ndani ya anga hiyo, mifumo yenye ulinganifu imekaa kama mstari uliochorwa juu ya karatasi. Ukiichoma karatasi kwa ncha kali isiyo na upana, uwezekano wa kuupata mstari ni sifuri. Mistari ipo, wala haijafutwa. Ni kwamba haina eneo.

Umesema matriksi unazifahamu, basi nikuonyeshe uthibitisho wa d = 2 kwa n yoyote kuanzia 3. Ni mfupi na unagusika kwa mkono.

Iite V sehemu ya S yenye matriksi za Hermite zenye tresi sifuri. Kwa d = 2 hii ni bapa, nafasi halisi ya vipimo viwili. U yoyote inayoihifadhi S inaihifadhi na V, kwa sababu U A U* ina tresi ileile ya A na inabaki kuwa ya Hermite. Tena haibadilishi tresi ya A², ambayo ni mraba wa urefu wa A. Kwa hiyo juu ya bapa V, U haiwezi kufanya lolote zaidi ya kuzungusha au kuakisi kama kioo. Sasa zingatia A zote zenye urefu 1 ndani ya V: ni duara. Kwenye kila nukta ya duara hilo andika tresi ya A³. Hiyo pia U haiibadilishi. Tumepata duara lenye namba zilizoandikwa pembeni yake, na ulinganifu wowote wa S lazima uliheshimu andiko hilo.

Andiko lenyewe lina sura gani? Tresi ya A³ ni polinomia ya digrii 3 katika vigeu viwili, na juu ya duara kila polinomia ya aina hiyo inagawanyika kuwa mawimbi mawili: moja linalopanda na kushuka mara moja katika mzunguko mzima, lingine mara tatu. Wimbi la mara moja lina kilele kimoja tu. Mzunguko wowote utakihamisha kilele hicho, kwa hiyo hakuna mzunguko unaoruhusiwa. Kuakisi kunaruhusiwa kwa namna moja pekee, kwa kioo kinachopita kwenye kilele chenyewe. Lakini hapo wimbi la mara tatu nalo lazima likubaliane na kioo kilekile, na likichaguliwa kwa bahati nasibu halikubali: vilele vyake vimekaa popote. Basi U haiwezi kuizungusha V wala kuiakisi. Kila X ndani ya V inabaki palepale.

Imebaki hatua moja. U inaiacha X kama ilivyo, na pia Y, ambazo ndizo matriksi mbili tulizozichagua. Andika kila kitu katika msingi ambao X ni ya ulalo. Thamani eigeni za X, ambazo sasa ndizo namba za ulalo wake, zote ni tofauti, na hili nalo ni kwa uwezekano wa 1, kwa hiyo U lazima iwe ya ulalo pia, ikiwa na namba u_1 mpaka u_n zenye ukubwa wa 1. Sasa itazame Y: kuiacha Y kama ilivyo maana yake kila y_ij izidishwe na u_i, igawanywe kwa u_j, na ibaki y_ij. Kwa kuwa hakuna y_ij iliyo sifuri, u_i ni sawa na u_j kwa kila i na j. U ni namba moja mara matriksi kizio. Haifanyi kitu. Imekwisha.

Kila nilipotumia maneno ya bahati nasibu hapo juu, maana yake ilikuwa moja: kuna polinomia fulani katika namba za X na Y ambayo isipokuwa sifuri tunapita salama. Polinomia isiyo sifuri kila mahali huwa sifuri mahali pasipo na ujazo. Ndiyo maana uwezekano ni 1, wala hatukuhitaji kuisubiri n ikue. Na ndiyo maana kwenye makala zenyewe utakuta wanazungumzia seti wazi ya Zariski, yaani seti inayopatikana kwa kuondoa tu mahali ambapo polinomia fulani ni sifuri. Kwa d kubwa zaidi hoja inahitaji kazi zaidi, lakini roho yake ni hiyohiyo.

Sasa sharti la d. Kwa d = 0, S ni matriksi kizio peke yake na kila U ni ulinganifu. Kwa d = 1 tuna X moja tu. Kila U iliyo ya ulalo katika msingi wa X inaiacha X salama, na hakuna wa kuizuia, maana Y haipo. Kwa hiyo hata ukichagua kwa bahati nasibu namna gani, ulinganifu unabaki: namba u_1 mpaka u_n ziko huru, ukitoa moja isiyofanya kitu unabaki na vipimo n − 1. Kwa n kuanzia 3 hakuna zaidi ya hapo, kwa sababu tresi ya X³ si sifuri na inazuia X isigeuzwe kuwa −X. Kundi hilo ni la matriksi za ulalo, na matriksi za ulalo hubadilishana mahali katika kuzidisha bila tatizo, kwa hiyo ni kundi la Abel.

Upande wa juu, wa n² − 3, hauhitaji hoja mpya. Matriksi za Hermite zenye tresi sifuri zinajaza nafasi ya vipimo n² − 1. Ukiwa na V ya vipimo d, kuna kijalizo chake, yaani matriksi zote zilizo na pembe mraba na V, chenye vipimo n² − 1 − d. U ikiihifadhi V inakihifadhi na kijalizo, maana haibadilishi pembe. Ni kama grafu ya kawaida: ukifuta viungo vyote na kuchora pale ambapo havikuwepo, ulinganifu haubadiliki hata chembe. Basi d = 1 na d = n² − 2 ni mapacha, na d = 2 ni pacha wa n² − 3. Sharti lako linajisoma kioo kwa kioo.

Kwa n = 2 umbali kati ya 2 na n² − 3 = 1 ni mtupu, na inafaa kuona sababu. Matriksi ya 2 kwa 2 yenye tresi sifuri ina thamani eigeni mbili zinazopingana, λ na −λ, kwa hiyo tresi ya A³ ni sifuri daima. Mlinzi wetu amelala. Matriksi hizo zina vipimo 3, U zinafanya kazi kama mizunguko ya kawaida ya tufe, na V ni mstari au bapa linalopita katikati ya tufe. Mstari unabaki ulivyo ukizungusha kuuzunguka, na pia ukiupindua juu chini. Grafu ya kwanta ya ukubwa wa 2 haiwezi kamwe kukosa ulinganifu. Ya ukubwa wa 3 tayari inakosa. Linganisha na zile nukta 6 za upande wa kawaida.

Ukitaka kufanana zaidi na grafu za sarafu, unaweza kuiacha d yenyewe iamuliwe kwa bahati: rusha sarafu n² − 1, d iwe idadi ya zilizoangukia upande wa juu. Kwa n = 3 ni sarafu 8, na uwezekano wa kuangukia d yenye matatizo, yaani 0, 1, 7 au 8, ni 18/256, kama asilimia 7. Kwa n = 4 ni sarafu 15, na uwezekano huo ni 32/32768, sawasawa na 1/1024. Ulinganifu wote uliobaki katika mtindo huu umetoka kwenye uchaguzi wa d. Matriksi zenyewe hazichangii chochote.

Kuna jambo moja hukuliuliza, na ningesikitika ukilikosa. Rudi kwenye ile grafu yako ya nukta 6, pembetatu yenye mikia. Iandike kama mfumo wa opereta S ndani ya matriksi za 6 kwa 6, kisha chukua U yoyote ya ulalo. U E_ij U* ni E_ij iliyozidishwa na namba, kwa hiyo imo bado ndani ya S. Grafu ambayo haikuwa na ulinganifu hata mmoja sasa ina ulinganifu wa vipimo 5! Na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila grafu ya kawaida ikitazamwa kwa jicho hili. Katika umbo pana la Weaver hakuna mgongano, kwa sababu pale U hizo zinahesabiwa kuwa hazifanyi kitu: haziwagusi nukta. Lakini ndani ya anga ya mifumo yote ya opereta, grafu za kawaida, hata zile ngumu kabisa za Erdős na Rényi, zote zimekaa juu ya ule mstari mwembamba usio na eneo. Ndiyo maana tokeo moja haliwezi kuwa nguo mpya ya lingine. Grafu ya kwanta ya bahati nasibu haikutani kamwe na grafu ya kawaida.

Swali lako la mwisho, kuhusu makundi ya kwanta, ni la haki kabisa, kwa sababu neno moja linabeba mizigo miwili. Katika yote niliyoandika hapo juu kitu ni cha kwanta na ulinganifu wake ni wa kawaida: U ni matriksi, na mkusanyiko wake ni kundi kama makundi mengine. Mzigo wa pili ni ulinganifu wa kwanta. Mwaka 1998 Shuzhou Wang alibuni kitu kinachochukua nafasi ya kundi la mabadilishano ya nukta n. Badala ya matriksi ya 0 na 1 inayosema nukta i imekwenda j, unaweka opereta za makadirio (ukiizidisha moja kwa nafsi yake inabaki ileile), ambazo si lazima zibadilishane mahali katika kuzidisha, ila kila mstari na kila safu ijumlishe kuwa 1. Mpaka nukta 3 hupati jipya. Kuanzia nukta 4 unapata kitu kikubwa kisicho na kikomo.

Baadaye Banica na Bichon waliingiza viungo vya grafu katika ufafanuzi huo. Je, grafu ya kawaida ya bahati nasibu inaponyoka ulinganifu hata huu mpana? Inaponyoka: Lupini, Mančinska na Roberson walithibitisha kwamba karibu grafu zote hazina hata ulinganifu wa kwanta. Miti ni habari nyingine. Mti wa bahati nasibu karibu daima una majani mawili yanayoshika tawi moja, na karibu daima una mahali pengine pa namna hiyohiyo. Mabadilishano mawili yasiyogusana yanatosha kuzaa ulinganifu wa kwanta, na Junk, Schmidt na Weber walilionyesha hilo kwa karibu miti yote. Wala usiruke kutoka "hakuna ulinganifu wa kawaida" kwenda "hakuna ulinganifu wa kwanta". Mwaka 2023 van Dobben de Bruyn, Roberson na Schmidt walijenga grafu zisizo na ulinganifu wowote wa kawaida lakini zenye wa kwanta. Kwa hiyo unaposoma tamko la aina hii, kwanza jiulize ni kipi cha kwanta: kitu, ulinganifu, au vyote viwili.

Ukitaka kujaribu mwenyewe kwenye kompyuta, anza na n = 3 na d = 2. Zalisha X na Y, kisha tafuta matriksi H za Hermite zenye tresi sifuri ambazo i(HX − XH) na i(HY − YH) zinaangukia ndani ya V (i hapa ni mzizi wa −1, na H ni mwelekeo ambao U inaondokea kwenye matriksi kizio). Ni milinganyo 12 yenye namba 8 zisizojulikana, na utakuta jibu ni H = 0 peke yake. Rudia kwa d = 1 na utapata H zenye vipimo 2, zile za ulalo katika msingi wa X. Ila ujue kwamba jaribio hili linakamata ulinganifu unaoteleza kidogokidogo tu, kama mzunguko. Ulinganifu wa kuruka, kama kuakisi, halitauona. Kwa huo chora tresi ya A³ kuzunguka duara la V, pima kilele cha wimbi la mara moja kiko kwenye pembe gani, kisha pima pembe kati yake na kilele cha karibu cha wimbi la mara tatu. Pembe hiyo ikiwa si sifuri wala digrii 60, hakuna kioo kinachofaa.